Kwa kijana anayeuliza kama alikosea kumshukuru babu yake aliyepigana Kagera

Kijana, marahaba. Umesema Siku ya Mashujaa, Julai 25, ulimshukuru babu yako mbele ya ukoo mzima kwa kuipigania nchi, naye akainuka akatoka nje bila kujibu. Hukumkosea. Hata mimi ningeweza kutoka, na nitakueleza sababu.

Sikuwa askari wa kuajiriwa, nilikuwa mgambo. Novemba 1978 Idi Amin, mtawala wa Uganda, alipotangaza kwamba ardhi yetu yote ya ng'ambo ya mto Kagera ni yake, na Rais wetu, Mwalimu Nyerere, akasema nia, sababu na uwezo wa kumpiga tunavyo, kila mkoa ulitakiwa kutoa watu. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika elfu 40 likapita laki moja. Wengi tulikuwa wakulima, jembe tumeliweka chini juzi tu. Tulisafirishwa kwa malori na mabasi ya abiria yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita, na kule ndani ya Uganda sehemu kubwa ya safari tuliimaliza kwa miguu.

Watu wakitushukuru huwa wanawaza mapigano. Yalikuwepo. Pale Lukaya, Machi 10, 1979, Brigedi yetu ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo, ilikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Usiku ule tulirudi nyuma. Asubuhi tukawarudia kwa mbele, Brigedi ya 208 ikawapiga ubavuni. Hayo nayasimulia hata mbele ya watoto.

Lakini mwenzangu wa kijijini, tuliyeandikishwa siku moja, alikufa hajamwona adui hata mmoja. Lori lilipinduka njiani tukiwa bado upande wetu. Wako wengi waliokufa kwa ajali katika vita ile, na kwenye hotuba hawatajwi hivyo, wote huwa wamekufa wakipambana. Mtu akiniambia asante, wa kwanza kunijia ni yeye. Wa pili ni mama yake. Nilipokuwa nikikutana naye njiani alinijulia hali vizuri, akauliza wanangu, halafu akarudia swali lake: lile gari lilikuwa linakwenda kasi? Nilimjibu kila mara, na kila mara aliuliza upya mpaka alipofariki. Sasa mimi niliyerudi nipewe asante mbele ya ndugu wanaopiga makofi, niipokee kwa niaba ya nani? Huenda babu yako naye ana mtu wa namna hiyo.

Ipo shukrani iliyoniingia moyoni. Tulipoingia Kampala, Aprili 1979, watu walituita wakombozi, wakatupa ndizi na maji. Mama mmoja alinishika mikono yote miwili, akasema mwanawe alichukuliwa na watu wa Amin na hakumwona tena. Yule alijua anashukuru nini. Niseme na ukweli wa pili: jeshi letu lilibaki Uganda hadi 1981, baadhi yetu walichukua mali za watu, na zile ndizi zikapungua. Haki yao.

Nyumbani tulikuta foleni ya sukari na sabuni. Mgambo wengi waliambiwa warudi shambani, wakarudi, na wengine leo hawana hata karatasi ya kuonyesha kwamba walikuwepo. Hapa jukwaani wenzangu wameandika kwamba asante haijazi tumbo. Kwa upande wa serikali nawaunga mkono kabisa: shukrani yake naipima kwa matibabu ya mzee aliyebaki na chuma mguuni, wala mkuki na ngao vinavyowekwa kwenye mnara kila mwaka havitoshi. Ila wasimchanganye mjukuu na serikali. Mjukuu hana deni la kulipa, na akisema asante nafurahi, hata nikishindwa kujibu.

Kwa hiyo usiache, badilisha namna. Mfuate akiwa peke yake, mikono yake ikiwa na kazi, anapukuchua mahindi au anafunga banda. Usianze na asante. Muulize alikuwa brigedi gani, walipita wapi, na aliondoka kijijini na nani. Swali hilo la mwisho likimnyamazisha, endelea na kazi pamoja naye. Muulize na bibi yako pia, maana shamba halikujilima miezi ile yote, na sijawahi kusikia mtu akimshukuru mke wa mgambo.

Ukipata nauli, mwambie unataka kwenda naye Kaboya, kule Muleba, walikozikwa mashujaa wa vita ile. Mwachie yeye atafute jina analolitaka. Akisema hataki kwenda, usimlazimishe, muulize tena mwakani.