Sukari ya asubuhi iko juu na sijala kitu: inatoka wapi?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 51, kilo 94, na tumbo limetangulia. Mwaka jana nilipimwa nikakutwa na kisukari aina ya pili. Natumia metformin na glibenclamide. Sukari kwenye chai nimeacha, soda nimeacha, hata sembe nimeacha, siku hizi ni dona tu. Lakini nikiamka, kabla hata ya kunywa maji, mashine inasoma 9.6 mmol/L. Hiyo sukari inatoka wapi? Na nikianza mazoezi, naweza kuachana na dawa?

JIBU: Nzuri, fundi. Hiyo sukari imetoka kwenye ini lako mwenyewe.

Ini ni ghala. Ukilala, ubongo unaendelea kuhitaji sukari, kwa hiyo ini huitoa kidogo kidogo usiku kucha. Ikikaribia alfajiri, homoni zinazouandaa mwili kuamka, kotisoli ikiwamo, hulihimiza liongeze. Kwa asiye na kisukari, insulini, homoni inayoshusha sukari, huliambia ini basi, yatosha. Ini lililojaa mafuta huwa zito kusikia, likaendelea kumwaga. Kwa mtu mwenye tumbo mbele na kazi ya kukaa kutwa, hapo ndipo ninapoanza kutazama. Ndiyo maana kuacha soda, jambo jema kabisa, hakujatosha kuishusha namba ya asubuhi.

Sasa tuongee kuhusu dona, maana hapa wengi wanaumia kwa nia njema. Dona ina pumba na kiini, ina nyuzinyuzi kuliko sembe, na ni chakula bora. Lakini ni mahindi yaleyale. Kliniki huwa naweka mizani ya jikoni mezani, nampa mgonjwa unga achote kama anavyochota nyumbani kwa mlo wake mmoja. Mama mmoja alichota, akanitazama, akaanza kupunguza. Nikamwomba arudishe, achote kama jana. Mizani ikasoma gramu 210. Unga wa dona wa gramu 200 una takribani gramu 140 za wanga, na wanga huo tumboni huvunjwa kuwa sukari. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Wewe ukiwa ulikuwa unaweka vijiko viwili kwenye kila kikombe, vikombe vitatu kwa siku, umeokoa gramu 24. Sahani moja ya ugali inazirudisha zote na nyingine nyingi juu yake.

Sikuambii uache ugali. Upunguze ufikie ukubwa wa ngumi yako, kisha nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kisamvu, na panapobaki weka samaki, dagaa au maharage. Anza na mboga na samaki, ugali uufuate mwishoni. Mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda. Mchuzi wa nazi haupandishi sukari sana, lakini unaongeza uzito, na uzito ndio tunaoupigania. Halafu pima mwenyewe: kabla ya kula, na baada ya saa mbili tangu uanze kula. Ikivuka 10, punguza tonge kesho. Stripu ni ghali, najua, kwa hiyo chagua mlo mmoja mkubwa, upime siku mbili tatu kwa wiki, uandike kwenye daftari.

Mazoezi yanafanya kazi ambayo dawa zako hazifanyi vilevile. Msuli unaofanya kazi hufungua mlango na kuingiza sukari hata pale insulini inaposhindwa, na baada ya hapo huendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja, wakati mwingine mbili. Kwa sababu hiyo usipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Kukanyaga cherehani ni bora kuliko kukaa tu, ila hakukufanyi uhemee juu. Tembea dakika 15 baada ya chakula cha mchana na 15 baada ya cha usiku, mwendo wa mtu anayewahi kivuko. Siku tano kwa wiki zinakupa dakika 150. Ongeza kusimama na kukaa kwenye kiti chako cha kazi bila kujishika, mara 10, kwa sababu misuli ya mapaja ni miongoni mwa mikubwa kabisa mwilini. Vaa viatu vilivyofunika vidole, na kila usiku kagua nyayo kwa mkono na kwa macho.

Kuhusu kuacha dawa: inawezekana kwa baadhi ya watu, na njia yake ni uzito. Huko Uingereza, utafiti wa DiRECT uliotolewa mwaka 2017 uliwachukua watu waliokuwa na kisukari aina ya pili kwa muda usiozidi miaka sita, wakapewa lishe ya kalori zipatazo 850 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86. Uzito uliporudi, sukari nayo ilirudi. Ugonjwa wako bado mchanga, na hilo linanipa matumaini makubwa. Lakini lishe kali namna hiyo usiijaribu peke yako.

Na hili nakusihi sana. Glibenclamide huisukuma kongosho itoe insulini, umekula au hujala. Ukipunguza ugali na kuongeza kutembea huku kipimo cha kidonge ni kilekile, sukari inaweza kushuka chini ya 4: utatetemeka, jasho la baridi litakutoka, kichwa kitakuwa chepesi. Hapo koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15, na isipopanda unywe tena. Kwa hiyo kabla hujapunguza tonge la kwanza, nenda kliniki na daftari lako, umweleze daktari unachotaka kuanza, akupangie upya kidonge hicho. Metformin endelea nayo kama kawaida. Ndiyo inayolituliza ini usiku.