Nilipoweka mota kwenye cherehani

Miaka kumi na minne nimeshona kwa cherehani ya kukanyaga. Nilipoweka mota, kazi ilikimbia kweli. Sare za shule zilizokuwa zikinikesha nilizimaliza kabla ya magharibi. Ila jioni moja navua ndara, nakuta kamba imeniachia mfereji mguuni. Nikabonyeza kidole juu ya ugoko, shimo likabaki. Zahanati presha ikasoma 148 kwa 94. Daktari hata chumvi hakuanza nayo. "Mama, kwa siku unakaa saa ngapi?"

Tisa. Msimu ukikaza, kumi na moja. Chai naletewa, uzi nanyooshewa na binti ninayemfundisha.

Kuvimba kule ni habari ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni: kigimbi kisipofanya kazi, damu inatuama chini. Kilichonishtua nilipoanza kusoma ni ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Ukuta wake wa ndani unahitaji damu ipite kwa nguvu, ndipo utoe naitriki oksaidi, hewa inayoulegeza mshipa utanuke. Ukikaa, goti limekunjwa, damu inapita kinyonge na mshipa unakuwa mgumu kutanuka. Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, mwaka 2014 walikalisha vijana wa kiume saa 3. Ndani ya saa 1 tu, uwezo wa ateri ya paja kutanuka ulishuka sana. Siku waliyotembea polepole dakika 5 kila saa, haukushuka.

Na hii ndiyo iliyonichekesha. Chuo Kikuu cha Missouri, mwaka 2016, waliwakalisha watu saa 3, mguu mmoja umetulia, mwingine unatikiswa dakika 1 na kupumzika dakika 4. Mguu uliotulia ateri yake ilidhoofika. Uliotikiswa ikawa nzuri kuliko mwanzo. Yaani kile nilichokifanya miaka yote kwenye pedeli bila kujua, nikalipa hela kukiondoa!

Sikuing'oa mota, nina watoto wa kusomesha. Nimehamishia pasi mwisho wa chumba, kila mshono unaotaka kupigwa pasi lazima niinuke. Kukata nakata nimesimama. Simu ya mteja naipokea nikitembea barazani, na wateja wangu wanajua kuongea. Nikibanwa na kola, nakanyaga hewa kwa visigino na vidole, kama pedeli bado ipo.

Presha nayo? Dawa nameza, maana hata marehemu mama alikuwa nayo. Sitakisingizia kiti kila kitu. Na wewe ukiona kigimbi kinauma kila ukitembea na kutulia ukisimama, au mguu mmoja tu umevimba, una joto na unauma, usianze na mazoezi yangu. Nenda hospitali leo.

Binti naye siku hizi nimemkataza kuninyooshea uzi. Anadhani nimenuna.