Kabla ya kuchora: ushauri kwa wanaoanza kazi ya kupanga upya katikati ya mji wa Mombasa

Kijana anayeingia katika kazi ya mipango miji hapa Mombasa hupenda kuanza na michoro: Barabara ya Digo iliyopandwa miti, soko la Marikiti lenye paa jipya, vibaraza vipana visivyo na mkokoteni hata mmoja. Sina ugomvi na michoro, kwa sababu ndiyo inayowafanya wakubwa wakae kitako wasikilize. Hata hivyo, katikati ya mji wetu hakuna kiwanja kitupu, na kila futi ina mtu mwenye haki fulani juu yake, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Kwa hiyo ramani ya kwanza mtakayoitengeneza iwe ya haki hizo, na majengo yafuate baadaye.

Anzeni na ardhi yenyewe. Katika mwambao wa Pwani, sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi wajitokeze na kuthibitisha madai yao, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Juu ya historia hiyo upo utaratibu ambao mtaukuta Majengo, Bondeni na kwingineko kisiwani, yaani nyumba bila ardhi, ambapo kiwanja ni cha mtu mmoja na nyumba iliyosimama juu yake ni ya mwingine anayemlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Ofisi ya ardhi itawaonyesha jina la mwenye kiwanja, nanyi mtadhani mmemaliza, ilhali familia iliyoijenga nyumba hiyo na kuirithishana haimo katika karatasi hiyo. Pia kuna mali za wakf, yaani zilizotengwa kwa ajili ya dini, hisani au familia, ambazo haziuzwi, na ambazo mazungumzo yake hufanywa na Tume ya Wakf au na wasimamizi waliotajwa katika wakf wenyewe. Tena kuna mirathi isiyogawanywa, ambapo duka moja lina warithi wengi, baadhi yao wakiwa Uarabuni au Uingereza, na hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kutia saini peke yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, inaruhusu fidia kwa walioikalia ardhi kwa nia njema hata kama hawana hati. Kisomeni kifungu hicho mpaka mkielewe, kwa sababu mtaulizwa juu yake katika mkutano wenu wa kwanza, na atakayeuliza atakuwa anakijua vizuri kuliko nyinyi.

Chini ya mwenye nyumba yuko mpangaji, na hapa ndipo mipango mingi hukwama. Maduka mengi ya katikati ya mji yamepangishwa bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka 5, na upangaji wa namna hiyo unalindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya, yaani sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa maduka na hoteli. Mwenye nyumba anayetaka kuvunja ajenge upya hana budi kutoa ilani rasmi ya muda usiopungua miezi 2, na mpangaji akipinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara, ilani hiyo haifanyi kazi mpaka shauri liamuliwe. Mpangaji huyo huenda alilipa gudwili kubwa, yaani malipo ya kuachiwa nafasi, kupata duka, na fedha hiyo haionekani katika risiti yoyote. Juu ya hayo, amempangisha fundi cherehani barazani, ameweka muuza simu kwenye kaunta, na hamali huhifadhi mkokoteni wake nyuma ya duka usiku. Hao wote wanalitegemea jengo ambalo katika mchoro wenu ni mstatili mmoja wenye rangi ya njano. Hesabuni kila mmoja wao, kwa sababu ratiba ya ujenzi inayopuuza mashauri ya wapangaji si ratiba, ni matumaini.

Mfano ulio karibu unaeleza ninachokusudia. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu, na muda si mrefu mitaa ikaonekana imevaa sare. Nadhani iliwezekana kwa sababu kila mwenye jengo alipaka ukuta wake, na hakuna haki ya mtu iliyohama. Mtaro wa maji ya mvua ni habari nyingine kabisa. Mtaro mmoja hupita mbele ya maduka mengi, chini ya ngazi ambayo mtu aliiongeza bila idhini na chini ya kibanda cha kahawa, na ukiziba mahali pamoja wakati wa masika, maji huingia madukani mwa watu wasiohusika na kuziba huko. Kuuzibua kunahitaji makubaliano ya wote. Ukitaka kujua kama mpango ni wa kweli, usiulize utapendezesha nini, uliza utagusa haki ngapi na zimeshughulikiwa vipi.

Suala la majitaka liko karibu na hilo. Mabomba ya majitaka yanahudumia sehemu tu ya kisiwa, na majengo mengi hutegemea matangi na mashimo yaliyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao hupitisha maji kwa urahisi. Mtu akiomba idhini ya kugeuza nyumba ya ghorofa moja kuwa ya ghorofa 8, msitazame urefu na maegesho peke yake. Ulizeni majitaka ya ghorofa hizo yatakwenda wapi, na visima vya jirani viko umbali gani.

Baada ya hapo, hesabuni matumizi kwa saa na kwa msimu. Sehemu moja ya barabara karibu na Marikiti ni ya malori ya vitunguu na viazi alfajiri, ya wanunuzi asubuhi, na ya wauza vyakula jioni. Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: mchana ni kimya, baada ya alasiri njia hujaa kaimati, sambusa na tende, na siku za kukaribia Idi watu hununua nguo na leso mpaka usiku wa manane. Ijumaa adhuhuri magari huegeshwa karibu na misikiti kwa namna isiyofanana na siku nyingine. Mshauri anayekuja kuhesabu watu kwa wiki moja ya mwezi wa Februari atawaletea jedwali safi lisilo na faida.

Yako pia mambo yanayoamuliwa nje ya mpaka wa mpango wenu. Tangu reli mpya ianze kazi mwaka 2017, abiria wa Nairobi hushukia Miritini badala ya kituo cha zamani kisiwani, na wanunuzi wenye magari wameshazoea maduka ya Nyali, ambako maegesho si taabu. Kwa upande mwingine, ada za maegesho ya katikati ya mji ni mapato ya kaunti, kwa hiyo pendekezo la kuufunga mtaa kwa magari litapingwa kwanza na watu wa hazina, nao wana haki ya kujibiwa kwa hesabu. Na mpango ukisogelea Mji wa Kale, washirikisheni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya tangu mwanzo, kwa sababu eneo hilo lina masharti yake ya uhifadhi, na Ngome ya Yesu iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2011.

Katika mikutano ya wananchi, semeni Kiswahili, na michoro iandikwe kwa Kiswahili. Msiwaite watu hotelini saa nne asubuhi wakati wana maduka wazi. Nendeni barazani kwao baada ya isha, na kina mama wauza vyakula muwatafute kwa wakati wao. Mpangaji hatasema ukweli kuhusu kodi mbele ya mwenye nyumba, kwa hiyo wasikilizeni mmoja mmoja pia.

La mwisho ni orodha ya wafanyabiashara watakaohamishwa kwa muda wakati wa ujenzi, na hapa msimlegezee mtu. Orodha iandikwe kabla ya habari za ujenzi kutangazwa, kwa sababu zikitangazwa, vibanda huzaliwa usiku. Kila mtu apigwe picha akiwa mahali pake pa kazi, atie saini mbele ya viongozi wa soko, na orodha ibandikwe hadharani ili majirani wenyewe wapinge majina ya uongo. Eneo la muda liwe karibu na steji za matatu, na ujenzi ufanywe nusu kwa nusu ikiwezekana, kwa maana mteja akizoea kwingine kwa mwaka mzima harudi. Uchaguzi huja kila miaka 5 na maafisa hubadilishwa, kwa hiyo orodha hiyo iambatishwe kwenye mpango unaopelekwa bunge la kaunti, na viongozi wa soko wabaki na nakala yenye muhuri.