Mafundi wa 3D, kabla hamjafungua ndoo ya gundi

Mwezi huu nimezunguka saiti za hapa Kisumu, Mamboleo mpaka Riat, na kila sebule ninayoingia nakuta kijana ameshika paneli ya 3D, ile yenye mawimbi yaliyochomoza, anaibandika kwa ukuta ambao umepinda waziwazi, na ukimuuliza anakujibu bila aibu, "Mzee, 3D inaficha." Nani aliwafundisha hiyo? Rangi nzito ya mchanga inaficha kidogo, ile kladingi (mawe ya kubandika ukutani) yaliyovurugika pia inaficha. Lakini paneli yenye mchoro unaojirudia haifichi kitu, jicho linafuata ule mstari na likifika pale ulipopinda linasimama hapohapo. Nawapenda na kazi mnaiweza, lakini mnanimaliza.

1. Ukuta kwanza. Weka rula ya alumini ya mita 2, wima, mlalo, kona kwa kona, na pale kunapopita mwanga kati ya rula na ukuta piga skimu, ile plasta nyembamba ya kusawazisha. Plasta mpya iache, wiki nne si adhabu, ni simenti inakomaa na maji yanatoka. Na kama ni ukuta wenye rangi ya zamani na unataka kuweka kladingi ya mawe, uchanje kwa tindo mpaka ufike plasta, maana gundi inashika rangi na rangi haijashika kitu.

2. Paneli nyingi zina mshale nyuma. Uangalie. Panga kwanza sakafuni bila gundi, mawimbi yakutane, ndio uanze kubandika. Kuna mmoja hapa aligeuza paneli moja tu kati ya zote, na mgeni yeyote akikaa kwa ile kochi haangalii TV, anaangalia ile moja.

3. Mwanga. Hapa mniruhusu nipige hadithi ndefu kwa sababu hii ndiyo ilinifundisha kazi.

Ilikuwa nyumba ya Milimani hapa Kisumu, mama mmoja mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache na macho makali. Alitaka ukuta wa TV wote uwe mawimbi, tukachukua paneli za jipsamu zile za sentimita 50 kwa 50. Upande wa kulia wa huo ukuta, karibu kabisa na kona, kulikuwa na dirisha kubwa linaloangalia machweo. Mimi sikulijali hilo dirisha hata kidogo. Nilikuwa nafanya asubuhi kwa sababu joto la mchana Kisumu mnalijua, nabandika, naziba viungo, napiga msasa nikiwa nimesimama mbele ya ukuta, nikipitisha mkono naona laini, naendelea. Mama akasema anataka rangi ya kung'aa kidogo, nikampa silk. Tulipomaliza saa sita mchana ukuta ulikuwa mweupe safi, nikapiga picha, nikapokea balansi, nikateremka Dunga kula samaki.

Jioni simu. "Fundi, uko wapi? Njoo. Usiseme kesho, njoo kabla jua halijazama."

Nikapanda boda. Nilipofungua ule mlango nilitamani nirudi nje. Jua lilikuwa limeshuka upande wa ziwa, linaingia kwa dirisha na kulala juu ya ukuta kutoka ubavuni, na kila kiungo kilikuwa kimetoa kivuli chake, wima na mlalo, ukuta mzima umejichora kama ukurasa wa daftari la hesabu. Mawimbi yenyewe huyaoni, unaona miraba tu. Na ile silk ndiyo ilizidisha, kila kinundu kinametameta. Mama alikuwa amekaa kwa kiti mikono kwa magoti. Akaniambia, "Mimi nilinunua mawimbi. Haya ni masanduku."

Nikaanza ujinga. Nikasema paneli zenyewe zilitoka kiwandani vibaya. Akanyamaza. Nikasema tunaweza kuweka pazia zito. Akauliza, "Kwa hivyo nilipie 3D halafu niifunike?" Nikasema usiku itaonekana sawa, tukangoja giza liingie, nikawasha zile taa za LED ambazo nilikuwa nimezipachika mimi mwenyewe kwa kornishi, zimegusana na ukuta. Ikawa mbaya kuliko jua! Taa inayomwagika kutoka juu karibu na ukuta inafanya kazi ileile ya jua la jioni, ila hii haizami.

Nikairudia yote kwa pesa yangu. Viungo upya, msasa upya, makochi yake yamefunikwa kwa shuka na bado vumbi la jipsamu linapita chini yake, rangi upya, mara hii ya kufifia isiyong'aa, na mama anapita kila jioni saa kumi na mbili kukagua bila kusema neno. Ile kazi ya jirani yake niliyokuwa nimeahidiwa ikaenda kwa mtu mwingine.

Sasa mfanye hivi: kabla ya rangi, funga pazia, chukua flodilaiti, ile taa kali ya kumulika, iweke ubavuni ikigusa ukuta, si mbele. Kila kivuli kinachojitokeza kizungushie penseli. Ziba, piga msasa, washa tena. Rudia kutoka juu kama kutawekwa taa za juu. Ni kazi ya nusu siku tu na hamtaki kuifanya, mnataka kupiga picha ya WhatsApp.

4. Jiko. Huku tunakaanga ngege (tilapia) kwa mafuta mengi, kwa hivyo nyuma ya meko weka taili laini inayopanguswa, mawimbi yapeleke upande mwingine. Paneli ya PVC karibu na moto wa gesi inalegea na kujikunja. Jipsamu bafuni hapana, inakunywa maji, wala msinibishie.

5. Mlioko Ahero na Nyamasaria, udongo mweusi unavimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi, na nyumba inatembea nao. Ukiona ufa, weka alama ya penseli kwa ncha zake na tarehe, rudi baada ya mvua. Kama umepita alama, usiweke taili ya kauri hapo, itapasuka na wewe ndiye utaitwa.

6. Anzia katikati ya ukuta ili vipande vya kukatwa vilingane pande zote. Kona ya nje kata digrii 45 au weka trimu, usiache ubavu wa taili uchi. Agiza asilimia 10 hadi 15 zaidi, mchoro unakula vipande. Na msikubali bei ya skwea mita ya taili ya sakafu, hii ya 3D inakatwa polepole.

Soketi na swichi zisogezwe mbele kabla ya kubandika, nunua skrubu ndefu, maana paneli inaongeza unene. Na yule aliyebandika juu ya swichi ya sebule kule Kiboswa akaiziba kabisa, wenye nyumba sasa wanazima taa kwa meni swichi. Unajijua. Beba grainda urudi, wameniahidi hawatakupigia kelele.