Mng'ao Ulinipotezea Miezi Saba

Jumanne usiku nimepokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayesoma uzamili: "Kaka, seli nilizoziwekea dawa zinang'aa mara tatu zaidi! Mnato umepanda. Nianze kuandika?" Nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka, maana swali hilo nililiwahi mimi, tena bila kumuuliza mtu.

Kwa mliopita tu njia: ndani ya seli kuna sehemu nyepesi kama chai na nyingine nzito kama uji uliolala. Huwezi kuchovya kijiko kujua uzito huo, yaani mnato, kwa hiyo tunaingiza rangi ambazo wenyewe tunaziita rota. Molekuli ya rota ina kipande kinachozunguka. Ukiimulika kwa leza inabeba nishati, na ina njia mbili za kuitua: kuzunguka, au kutoa mwanga. Kwenye majimaji mepesi inazunguka, huoni kitu. Kwenye mazito inabanwa, basi inang'aa. Uhusiano huo wa mng'ao na mnato Förster na Hoffmann waliuwekea hesabu mwaka 1971, na mpaka leo tunautumia.

Sasa mimi. Mwaka wa pili wa PhD, Ulaya, baridi ya kukata masikio, rota yangu ya BODIPY (jamii moja ya rangi zinazong'aa) imeingia vizuri kwenye seli. Nikaweka dawa, mng'ao ukapanda. Nikatengeneza slaidi kumi na nne, nikampigia na mama simu. Kwenye kikao cha maabara mzee mmoja akauliza kwa upole: "Umejuaje kwamba rangi haikuingia nyingi zaidi tu?" Sikuwa na jibu. Seli zinazokaribia kufa utando wake huvuja, rangi inaingia kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Kuna mtu nyuma alicheka. Miaka imepita, kicheko kile nakijua mpaka leo.

Mdogo wangu, usipime ukali wa mng'ao, pima muda wake. Rangi ikiwa nyingi mwanga unakuwa mkali, lakini muda ambao molekuli inakaa na nishati kabla ya kuitoa, nanosekunde chache tu, hauongezeki kwa sababu rangi imekuwa nyingi. Timu ya Marina Kuimova, London, ilionyesha hivyo mwaka 2008 kwa rota ya BODIPY ndani ya seli hai. Makala ile nilikuwa nayo kwenye kompyuta. Sikuwa nimeisoma hadi mwisho. Kama chuo chako hakina mashine ya kupima muda, tafuta rota yenye rangi mbili, moja inayojali mnato na nyingine isiyojali, ugawanye moja kwa nyingine. Lakini ukali peke yake, hapana. Narudia: hapana.

Halafu gliserini. Ili usome mnato unahitaji mstari wa kulinganishia, na wengi tunachanganya gliserini na methanoli kwa viwango tofauti. Maji kwenye nyuzi 25 hayafiki sentipoisi 1 (ndicho kizio cha mnato); gliserini safi inakaribia 950. Kwenye nyuzi 20 inapita 1400! Nyuzi tano tu. Mimi nilipima chupa kwenye joto la chumba na seli kwenye 37, kisha nikashangaa. Isitoshe gliserini hunyonya unyevu wa hewani, na maji kidogo tu yanaiteremsha vibaya. Chupa yangu ilikaa wiki kadhaa mfuniko umelegea, nami nikawa nailaumu leza.

Na usiandike "mnato wa seli". Rota nyingi za BODIPY zina mkia mrefu, zinapenda mafuta. Zangu zilijazana kwenye vitone vya mafuta na vifuko vidogo. Nilikuwa napima vitone na vifuko hivyo tu, kwenye mabango nikiandika seli nzima.

Tatizo letu vijana ni haraka. Tunataka picha yenye kijani kali tuiweke status kabla hatujajiuliza kijani kile kimetoka wapi. Nasema tunataka, na mimi nimo. Lakini mimi nililipa miezi saba, na kazi ile baadaye ilipita kwa wakaguzi wote wawili bila swali hata moja la mnato. Yule aliyecheka nyuma kikaoni alinipongeza kwa barua pepe. Sikujibu.

Dada nimemwambia arudie vipimo, na aandike kwa kalamu tarehe aliyofungua chupa ya gliserini. Amejibu asubuhi hii: "Kaka, haina mfuniko. Tumeifunika na foili."