Kabla ya X ukutani na ankara mpya: nenda kikaoni na hesabu

Bei ya maji ikipanda, mtaani kwetu anayekiona cha moto ni diwani. Anasimamishwa msibani, anasimamishwa stendi, "Mheshimiwa, ndiyo mmeamua kutuua?" Nimekaa kwenye kamati ya serikali ya mtaa kwa miaka kadhaa, pembezoni mwa Dar es Salaam, sehemu ambayo bomba na barabara zilitukuta tumeshajenga, na nimeona hasira nyingi zikipelekwa mlango usiohusika.

Diwani hapangi bei ya maji, wala ya umeme. Mamlaka ya maji inapeleka maombi EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, na kabla ya kuamua, EWURA inatakiwa kisheria kufanya taftishi: mkutano wa wazi ambapo mamlaka inajieleza mbele ya wateja, na mteja yeyote anaruhusiwa kusema au kuleta maoni kwa maandishi. Mambo ya Baraza la Madiwani ni kama ada ya taka na ushuru wa soko, yanayopitishwa kwa sheria ndogo, nazo hutangazwa kwanza ili mwenye pingamizi alilete. Tangazo hubandikwa ubaoni, katikati ya tangazo la chanjo na la mtu aliyepotelewa na vyeti, na hakuna anayelisoma. Ardhi nayo ina mlango wake. Chini ya Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1967, mwenye mamlaka ya kutwaa eneo kwa manufaa ya umma ni Rais. Halmashauri inaomba na kupanga mradi, na ikiwa mradi ni wake, fidia inatoka kwenye mfuko wake.

Kwa hiyo jua kwanza unaongea na nani. Kisha beba karatasi zenye namba.

Kwenye taftishi niliyohudhuria ukumbi ulijaa. Msemaji baada ya msemaji alisema maisha ni magumu, na ni kweli ni magumu, ila waliokuwa wakiandika pale mbele hawakuwa na mahali pa kuliweka hilo kwenye majedwali yao. Kisha akainuka mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha, ankara zake kazifunga kwa mpira wa noti. Akasema: nyumba yangu ina wapangaji sita na mita moja. Bei mnayotaka ni ya ngazi, anayetumia uniti nyingi ndiye anayelipa zaidi kwa kila uniti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Gawanyeni ankara hii kwa kaya sita muone kila moja inatumia ndoo ngapi kwa siku, halafu mniambie kwa nini tunatozwa kama mtu mmoja mwenye bwawa la kuogelea. Kalamu zote za mbele zikaanza kutembea.

Swali jingine linalowafanya wafungue makabrasha ni la maji yanayopotea. Uliza ni asilimia ngapi ya maji yanayosukumwa hayafiki kwenye mita za wateja, na mpango wao wa biashara unasema yatapungua kwa kiasi gani katika kipindi cha bei mpya. Bomba linalovuja mwezi mzima pale njia panda lina mtu anayelilipia. Na msilisahau baraza la ushauri la watumiaji, EWURA CCC. Kazi yake ni kuwasemea wateja, na barua ya mtaa mzima yenye majina na sahihi ina uzito kuliko mtu mmoja aliyepiga kelele.

Kuna ndugu zangu wanaosema yote haya ni bure, mkubwa akiamua kaamua. Wanaitaja Januari 2017, pale EWURA ilipokuwa imeidhinisha umeme upande kwa asilimia 8.5, Rais Magufuli akazuia na mkuu wa TANESCO, shirika la umeme, akaondolewa. Sawa, lilitokea. Mimi siwezi kumshauri mtu apange bajeti ya nyumba yake kwa kutegemea litokee tena.

Kwenye ardhi, hesabu ina maana zaidi, kwa sababu huko hakuna ankara ya mwezi ujao ya kurekebishia.

Ukiona X imechorwa kwenye ukuta wa nyumba iliyo kwenye eneo la barabara, angalia rangi. X ya kijani ni ya kulipwa, X nyekundu ni ya kubomoa mwenyewe. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kwa hiyo aliyefuatwa na zile 7.5 za nyongeza anastahili fidia, na aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani hastahili. Barabara ya Morogoro ilikuwa tofauti: kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilishuka bila senti. Kuunganishiwa umeme na kulipa kodi ya jengo si kinga. Kabla ya kununua kiwanja karibu na barabara, shika futi kamba.

Siku ya mthamini, anayekuja kukadiria thamani ya mali yako, uwepo mwenyewe. Atakupiga picha umeshika kibao chenye namba mbele ya mali yako, ataandika majengo, kisha miti. Tembea naye. Mwembe, mnazi, mgomba, kila kimoja kina bei yake kulingana na umri, na mti usioandikwa siku hiyo ni kazi kubwa kuurudisha baadaye. Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Piga picha kila ukurasa kwa simu yako, kisha utume kwa mtoto au ndugu, maana simu huibiwa.

Fidia si thamani ya ardhi na nyumba tu. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinatambua posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokokotolewa kwa kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, posho ya makazi ya miezi 36 ya kodi ya pango, na kwa mwenye biashara, faida ya miezi 36. Hapo kwenye biashara ndipo wengi wetu tunapoangukia, kwa sababu inatakiwa hesabu zilizokaguliwa. Jirani yangu mwenye mashine ya kusaga alikuwa na wateja tangu alfajiri na hakuwa na daftari. Mashine ilithaminiwa, faida haikuthaminiwa. Na kiwanja kitupu kisichokaliwa hakina posho ya usafiri wala ya makazi.

Uthamini nao unazeeka. Sheria ya Uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe. Ikipita hapo inaanza kudaiwa na riba, na miaka miwili ikiisha uthamini unafanywa upya. Watu wa Kipawa na Kipunguni, waliothaminiwa 1997 kwa ajili ya upanuzi wa uwanja wa ndege, walisubiri kwa miaka mingi. Kwa hiyo swali la kumpa diwani, na hapa ndipo anapohusika kweli, ni hili: fedha za fidia ya mradi huu ziko kwenye bajeti ya mwaka gani, na kifungu gani? Aliulize ndani ya Baraza ili liingie kwenye muhtasari. Nanyi nendeni mkakae kwenye viti vya wananchi, vikao vya Baraza ni vya wazi.

Kama kiwanja bado kina jina la marehemu baba, anzeni mirathi leo. Hundi hailipwi kwa marehemu, na ndugu wanaoelewana wakati wa msiba huacha kuelewana orodha ya malipo ikibandikwa.

Mkifika hatua ya kushtaki, sheria inadai mtoe kwanza notisi ya siku 90, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 hata anayeishtaki halmashauri lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kesi ikiwa Mahakama Kuu. Anzeni kuchanga fedha za wakili mapema, na mtunza fedha awe mtu anayeandika risiti.