Barua kwa mwanangu: neno la Kiingereza na jamaa zake

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili. Unasema mhadhiri amerudisha insha yako, akaandika pembeni kwamba hoja ni nzuri ila Kiingereza chake ni cha mazungumzo, nawe sasa umepakua orodha ya maneno magumu 3,000 na hujui uanzie wapi. Anza kwa kuifuta orodha hiyo. Imejaa maneno ya aina ya "plethora" na "obfuscate", ambayo unaweza kusoma makala kumi za somo lako usikutane nayo hata mara moja. Msamiati wa kitaaluma sio maneno magumu. Ni maneno ambayo watafiti huyatumia kila siku: "assume", "derive", "indicate", "vary". Mengi umeshayaona. Kazi iliyobaki ni kuyafanya yatoke kalamuni mwako bila kuteleza.

Orodha fupi ipo. Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand, alichapisha Academic Word List. Alipitia matini za kitaaluma zenye jumla ya maneno yapata milioni 3.5, kutoka sanaa, biashara, sheria na sayansi, akaweka kando yale maneno 2,000 ya kawaida kabisa, akabaki na familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na maneno yanayotokana nalo. Familia hizo hubeba karibu asilimia 10 ya maneno ya matini ya kitaaluma, yaani neno moja katika kila kumi. Zimegawanywa katika mafungu 10: tisa ya kwanza yana familia 60 kila moja, la mwisho lina 30, na fungu la kwanza ndilo linalotumika zaidi. Ukijifunza familia 6 kwa siku, siku tano kwa wiki, mafungu mawili ya kwanza yanaisha katika wiki nne, na orodha nzima katika wiki 19. Dakika ishirini au thelathini kwa siku zinatosha. Usijaribu 30 kwa siku moja. Kesho yake utakuwa umebaki na nne.

Kabla hujaanza fungu lolote, lipitie kwa kalamu na uweke alama tatu: silijui, ninalielewa nikilisoma, ninaweza kuliandika. Kundi la katikati ndilo la kuanza nalo, kwa sababu nusu ya kazi imeshafanyika. Na uwe mkali na nafsi yako. Kama huwezi kutunga sentensi moja na neno hilo papo hapo, bila kamusi, basi huliandiki.

Nimesema familia, si neno. Wewe unajua kwamba "andika", "mwandishi", "andiko" na "maandishi" ni ndugu, na Kiingereza nacho kina ndugu zake: "analyse", "analysis", "analyst", "analytical". Ukijifunza kitenzi peke yake utakwama pale sentensi inapohitaji nomino, na insha za kitaaluma hupenda nomino kwa sababu nomino hukuwezesha kushika wazo zima na kuendelea nalo. Ukiandika "Prices rose sharply", sentensi inayofuata inaweza kuanza "This rise", na aya ikasonga mbele. Lakini usizidishe: sentensi yenye nomino tano za "-tion" zilizofuatana haisomeki, hata kama kila moja ni sahihi.

Sasa nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi huharibu. Neno halitembei peke yake. Chukua "evidence". Kila neno lipe kadi ndogo ya kulikumbuka. Kwenye kadi ya hili usiandike "ushahidi" ukaridhika. Upande wa mbele andika sentensi uliyoikuta kwenye makala uliyosoma, na mahali pa neno lenyewe acha pengo. Upande wa nyuma andika neno, kisha wenzake: vitenzi vinavyolitangulia ni "provide" na "find", vivumishi vyake ni "strong", "limited", "conflicting", baada yake huja "of", "for" au "that". Mwisho andika mtego: halichukui "s" wala "an". Kiswahili kinakuruhusu kusema ushahidi mmoja na ushahidi mwingine, ila Kiingereza hulihesabu kwa kusema "a piece of evidence". "Research", "information" na "equipment" wana tabia hiyo hiyo. "Researches" ukiiandika kama nomino ya wingi, msomaji wako ataiona kabla hajaiona hoja. Na utafiti kwa Kiingereza cha insha huwa "conduct research" au "carry out research". "Make a research" ni kosa.

Wenzake utawapata wapi? Kwanza kwenye makala zako mwenyewe, kwa kupigia mstari kundi zima la maneno yanayokwenda pamoja badala ya neno moja. Pili kwenye kamusi ya wanafunzi wa lugha, ambayo hukuonyesha kama nomino inahesabika na kihusishi gani huifuata. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili haina nafasi ya kukuambia hayo. Tatu, kuna zana ya bure mtandaoni iitwayo SKELL: unaandika neno, inakuletea sentensi halisi na orodha ya maneno yanayoandamana nalo.

Vihusishi vitakusumbua, na sababu yake ni kwamba kichwa kinafikiri kwa lugha yetu. Sisi tunajadili kuhusu jambo, ndiyo maana unaandika "discuss about". Kiingereza ni "discuss the issue", basi. Tunasisitiza juu ya jambo, ukaandika "emphasise on". Ondoa "on", ila ukitumia nomino, "an emphasis on", inarudi. Tuna "licha ya", ikazaa "despite of", futa "of". Kitenzi "lack" hakina "of", lakini nomino "a lack of" inayo. Na kuna jozi moja ya hatari kuliko zote: "result in" na "result from". Ya kwanza ni kuzaa matokeo, ya pili ni kutokana na chanzo. "Poverty results in crime" na "Poverty results from crime" ni hoja mbili zinazopingana, na kinachozitenganisha ni kineno kimoja.

Kuna pia maneno ambayo tafsiri ya kamusi hukupotosha. "Suggest" utaambiwa ni kupendekeza, lakini "The results suggest that..." maana yake matokeo yanaashiria, hakuna aliyependekeza kitu. "Argue" utaambiwa ni kubishana, kumbe ndani ya insha ni kutoa hoja, kwa utulivu kabisa. "Claim" ndilo rahisi kwako, kwa kuwa "anadai" ya Kiswahili ina kivuli kile kile cha mashaka. Basi usiliandike kwa mwandishi unayekubaliana naye. Na "prove" liache kwa wanahisabati. Ukiwa na uchunguzi mmoja wa watu mia mbili, andika "shows" au "indicates", na ukitoa hitimisho lako mwenyewe tumia "may", "tends to", "is likely to". Usiogope kwamba utaonekana mwoga. Wahadhiri huyasoma maneno hayo kama alama ya mtu anayejua ushahidi wake unafika wapi.

Umenitumia sentensi hii kutoka insha yako: "A lot of people say that the problem got bigger because the government didn't do enough." Tuifungue. "A lot of people say" haina mwenyewe. Taja nani amesema, au kama ni maoni yaliyoenea na una vyanzo viwili vitatu, andika "It is widely argued that" na uvitaje. "Got bigger": kitenzi "get" ni cha mazungumzo, na tatizo kwa Kiingereza huwa "worsen". "Didn't" iandikwe kwa ukamilifu, "did not". "Do enough" haisemi kilichopungua ni nini. Fedha, kasi, au sheria? Tuseme ni kasi. Inakuwa: "It is widely argued that the problem worsened because the government was slow to respond." Angalia, mwanangu: hakuna hata neno moja gumu humo. Imekuwa ya kitaaluma kwa sababu kila neno linasema jambo moja mahususi. Kabla ya kukabidhi insha, tafuta kwenye kompyuta maneno "get", "thing", "big", "a lot", "do" na "very", kisha ujiulize kila mahali yalipo: hapa nilitaka kusema nini hasa?

Usiyabadilishe kwa kamusi ya visawe. Itakupa "colossal" badala ya "big", nawe utaandika "colossal difference" wakati wenzako wanaandika "considerable difference". Kisawe tumia kile tu ambacho tayari umeshakiona katika sentensi ya mtu mwingine.

Kadi zirudie siku inayofuata, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 30. Ukikosea, kadi inarudi mwanzo. Soma pengo, sema neno kwa sauti, ndipo ugeuze. Ukigeuza kwanza unajidanganya kwamba ulijua. Kila Ijumaa andika aya moja ya maneno 150 juu ya mada ya somo lako, ukitumia maneno matano hadi nane ya wiki hiyo. Kama neno linakataa kuingia, liache, maana ukililazimisha litaonekana.

Kwa vifungu vya kuunganisha hoja, Chuo Kikuu cha Manchester kinayo Academic Phrasebank mtandaoni, imepangwa kwa kazi: kuanza mada, kulinganisha, kukosoa, kuhitimisha. Vifungu hivyo havina mwenyewe, tumia bila hofu. Sentensi yenye wazo la mtu ni jambo jingine, hiyo lazima umtaje.

Nitumie aya yako ya Ijumaa ya kwanza pamoja na kadi za wiki hiyo. Nataka nione nyuma ya kadi, si mbele.

Mama yako akupendaye